Harusi Bila Sura

Jumatatu, 29 Septemba

Wiki ya tatu ya muhula. Zoezi lilikuwa jepesi: video ya dakika moja ya mtu anayesubiri. Wanafunzi kumi na tisa, na kumi na saba wamepiga kwa simu iliyosimama wima. Nimewaambia macho ya binadamu yamekaa ubavu kwa ubavu, hayakupandana. Wakanitazama tu. Na hao watu wao hawasubiri chochote. Wanatembea polepole kando ya mfereji huku muziki unalia. Hawa watoto hawajawahi kusubiri kitu maishani, picha yake wataitoa wapi?

Mkuu wa idara kapita dirishani, kaninyooshea dole gumba. Nina hakika hajawahi kumaliza filamu yoyote ile. Anatoka kabla majina hayajaanza kupanda.

Mti wa nje ya darasa umeanza kuwa mwekundu upande mmoja. Saa tisa alasiri jua linaingia limelala, linagusa mikono ya watu kabla ya kufika usoni. Huu ndio msimu wangu. Mtu anayelalamikia vuli ya London hajui kutazama.

Alhamisi, 2 Oktoba

Gervas kapiga simu. Kaka yangu huyu huwa hapigi, anatuma sauti za dakika sita zenye kikohozi. Leo kapiga kwa sababu ya harusi ya binti yake, Neema. Kamati imepata mpiga video. Mkongo wa Peckham, wanamwita Baba Furaha. Alfajiri anasafisha maofisi, Jumamosi anapiga harusi.

Nikaomba nione kazi yake. Video ya harusi, urefu saa nne nzima. Nimevumilia dakika ishirini. Meza hadi meza, kila mgeni anaikodolea kamera, anapunga mkono, anarudi kutafuna. Chini ya kila mtu jina limeandikwa kwa herufi za dhahabu. Halafu bibi harusi anachomoza ndani ya waridi linalozunguka, na mioyo inadondoka kutoka juu. Mungu wangu.

Nimemwambia Gervas: huyu hapana. Nitapiga mimi, zawadi ya shangazi.

Akasema Mama anaisubiri sana hiyo video. Mama yuko Morogoro, miaka themanini na mbili. Mwezi wa nane alinyimwa viza, eti hawakuridhika kwamba angerudi kwake. Mwanamke ambaye akilala ugenini siku mbili anapiga simu kuulizia kuku. Nikasema ndiyo maana, Mama anastahili kitu kizuri.

Gervas kakubali. Atampigia Baba Furaha amwambie asije. Sina huruma naye hata kidogo.

Jumanne, 7 Oktoba

Somo la mikono. Nalipenda kuliko masomo yote. Nimewaonyesha wanawake watatu wakichambua mchele, dakika nne, hakuna uso hata mmoja. Nimewaambia uso umeshajifunza kudanganya, mkono bado. Binti mmoja wa mbele, anayekula chipsi darasani kila siku, kauliza mtazamaji atajuaje mikono ni ya nani. Nimemjibu kwamba mtazamaji mwenye akili atajua.

Kisha nikarudi Tottenham kwa basi, ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Majani ya miti yamejaa barabarani. Nilifurahi peke yangu kama mwehu.

Jumapili, 12 Oktoba

Harusi imepita. Miguu inauma.

Misa hapa hapa Tottenham, karamu Wembley. Ukumbi ulikuwa janga. Taa za zambarau, maua ya plastiki kwenye dari, kila kiti kimefungwa utepe mgongoni utadhani nacho kinaolewa. Kina mama wa kwetu sare ya njano ya haradali. Sikuivaa. Nilivaa nyeusi, mpiga picha havai haradali. Upande wa bwana harusi, familia ya Bukavu, walikuja wengi kuliko viti. MC alikuwa na sauti ya mnada.

Nimepata vitu. Glovu za Neema zikitetemeka juu ya rozari. Bangili ya mama mkwe ikivuliwa na kuvishwa tena. Mvuke wa pilau. Pazia. Kila nilipotulia sehemu, mwanamke fulani alijisogeza mbele ya lenzi na kupunga mkono. Niliteremsha kamera mpaka akachoka. Hilo lilitokea mara nyingi, na siyo mwanamke mmoja.

Utambulisho ulichukua saa nzima na nusu. Baba mkubwa, baba mdogo, mjomba wa Leeds, jirani wa zamani wa kambi ya wakimbizi. Kila mmoja asimame, ageuke kulia, ageuke kushoto, apigiwe vigelegele. Nikatoka zangu. Mvua ilikuwa imekatika, na kwenye maegesho majani yalikuwa yameganda kwenye vioo vya magari, jua linapita katikati yake. Picha bora ya siku nzima. Nilipiga dakika kumi na moja.

Niliporudi walikuwa wanatoa zawadi. Gervas kaniambia niliitwa. Shangazi wa bibi harusi, asimame tumwone! Hayupo. Kaka kasema yuko kazini, watu wakacheka. Wacheke.

Ijumaa, 17 Oktoba

Imekamilika. Dakika kumi na tisa. Hakuna muziki, ila sauti ya ukumbi kwa mbali, kama unaisikia ukiwa chumba cha pili. Sijatengeneza kitu kizuri hivi tangu nije nchi hii.

Nimewaonyesha darasa. Hata wa chipsi aliacha kutafuna.

Neema kaja kuitazama nyumbani kwangu. "It's beautiful, Auntie." Halafu kauliza mama mkwe wake yuko wapi. Nikairudisha nyuma: ile pale, bangili. Akasema "Oh."

Nimemtumia Asteria, mdogo wetu anayeishi na Mama. Kasema kesho anaiweka kwenye televisheni.

Jumapili, 19 Oktoba

Ujumbe wa Asteria, sauti, dakika tisa. Nimeusikiliza nikiwa napiga pasi. Nimezima pasi.

Mama alikuwa amealika watu. Jumuiya yote ya mtaa, wazee wa parokia, majirani wa pande zote mbili. Viti vimeazimwa kanisani. Pilau, soda, televisheni imetolewa barazani. Mimi sikuambiwa. Wakaketi, wakatazama. Glovu. Pazia. Majani ya Wembley. Dakika kumi na tisa zikaisha, nao wakaendelea kukaa, maana walidhani huo ni mwanzo tu na harusi yenyewe inakuja. Ikabidi Asteria aseme kwamba ndiyo imeisha.

Mama Sekunda, jirani, akauliza kwa upole wake ule wa sumu: kwani harusi haikuwa na watu? Mwingine akauliza kama upande wa mume ulifika. Mama akasema mtandao unasumbua, nyingine itakuja. Watu wakala, wakaaga mapema.

Tangu jana Mama amelala. Haumwi. Kamtuma Asteria aniulize swali moja: mjukuu wake ameolewa na mikono?

Nimekasirika. Watu wa kutazama tamthilia za kofi na kilio, unawapa kitu cha akili wanauliza wageni wako wapi. Sitajibu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimempigia Mama mara nne tangu Jumapili. Hapokei. Mama hupokea simu kabla haijamaliza mlio wa kwanza, na huongea kwa kelele utadhani London ni ng'ambo ya mto. Leo Asteria kapokea akanong'ona. Mama amesema huyo mwalimu asimpigie.

Huyo mwalimu. Inaniuma. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu: inaniuma sana.

Darasani nimemfokea binti wa chipsi bila sababu. Hakuwa hata na chipsi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Gervas kapita akitoka zamu yake ya nyumba ya wazee. Kala, kanawa, ndipo akaongea. Tangu Neema aseme anaolewa na Mkongo, mtaani Morogoro kumesemwa mengi. Kwamba mtoto wa London kajitupa. Kwamba hao ni wakimbizi, hawana ukoo, hawana wazee, nani atakuja kusimama upande wa mume. Mwaka mzima Mama amewajibu neno moja: subirini, mtawaona. Ndiyo video hiyo.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia Mama anaisubiri sana," akasema. "Wewe ukanijibu habari za waridi."

Nikamwambia anywe chai yake.

Ijumaa, 24 Oktoba

Siku nzima nimepekua picha mbichi, zote. Natafuta nyuso.

Baba wa bwana harusi: sikio, na sehemu ya kola. Mama wa bwana harusi: bangili. Wazee wa Bukavu: viatu vinne chini ya meza, vimepangwa vizuri, nakumbuka nilivyovifurahia. Gervas mwenyewe, baba mzazi wa bibi harusi, anaonekana sekunde mbili akipita na sahani. Utambulisho haupo kabisa. Ni majani.

Angeniletea mwanafunzi kazi hii, ningemuuliza harusi ilikuwa ya nani. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Bado ni nzuri. Hilo ndilo linalonitia hasira zaidi.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Saa kumi na moja jioni giza. Sasa tumepishana na Morogoro saa tatu badala ya mbili, na hata hivyo hatuongei.

Nimeandika kwenye kundi la simu la harusi. Maneno haya nimeyafuta na kuyaandika upya asubuhi nzima: Ndugu zangu, naomba yeyote aliyepiga picha au video kwa simu yake anitumie, nitashukuru. Watu waliovunjika mbavu kwa kicheko wapo. Mmoja kaandika, kumbe hata mwalimu huomba. Shemeji mmoja kauliza kama nataka pia za wima.

Zimeingia hadi simu imejaa. Zote wima. Zinatikisika, vidole vimeziba lenzi, mtu anapiga huku anacheza. Takataka. Nimezihifadhi moja moja, nikaandika kila moja imetoka kwa nani.

Zile za utambulisho hazimo. Nilipoamua kutoka, inaonekana hata wa kwetu walikwenda kupanga foleni ya chakula.

Jumanne, 28 Oktoba

Likizo ya katikati ya muhula. Peckham, kwa Baba Furaha.

Chumba chake kiko nyuma ya saluni ya kusuka. Unapita katikati ya wanawake wanne walioinamishwa vichwa, harufu ya mafuta na nywele zilizochomwa ncha, unasukuma pazia, unamkuta. Mtu mfupi, miwani imeungwa kwa gundi. Alinijua. Nilijiandaa kwa kejeli, na ningestahili, lakini hakufanya. Alifuta kiti kwa mkono wake, akanikaribisha. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nikamweleza. Akauliza swali moja ambalo mimi nawauliza wanafunzi kila Septemba na sikujiuliza: nani atatazama? Nikasema Mama yangu, na majirani zake.

"Basi tunaanza na baba ya muanaume," akasema. "Batu banataka kujua mutoto alifika kwa nani. Njo ile tu, Mwalimu."

Kisha akachukua simu. Anasali kanisa moja na nusu ya ukoo wa bwana harusi. Mtu wa tatu aliyempigia ni shangazi wa bwana harusi, Mama Zawadi, aliyepanda juu ya kiti na kupiga utambulisho wote, mwanzo mpaka mwisho, mkono haukushuka. Saa moja na nusu, kwa mkono mmoja. Hakuwahi kuituma popote. Alipiga ili awe nayo tu.

Nilitaka kumbusu mwanamke nisiyemjua.

Alhamisi, 30 Oktoba

Siku ya tatu Peckham. Ananifundisha kazi yangu na sipendi.

Nilikata picha ya mzee mmoja alipomaliza kutajwa. Akairudisha. "Usikate mutu mbele amalize kupunga mukono. Ule mzee hatakuya tena kwa harusi ingine." Nikasema kwa kawaida ya uhariri inachosha. Akasema mtu hachoshwi na ndugu yake. Akarefusha na picha zilizobaki, akaendelea.

Majina ninayaandika mimi. Kila mtu, na uhusiano wake. Baba mkubwa wa bwana harusi. Dada wa bibi yake. Aliyewapokea walipofika. Nimekosea tahajia ya watu kumi na mbili, na yeye kazisahihisha zote bila kutazama karatasi yoyote. Herufi za dhahabu. Nilidai nyeupe, akasema nyeupe ni ya matangazo ya mazishi.

Tumegombana kuhusu waridi. Waridi limeondolewa. Mioyo ilikuwa mia, imebaki mmoja, wakati wa busu, unadondoka na kupotea. Nimeutia sahihi moyo huo kwa ridhaa yangu. Mkuu wa idara asije akajua.

Tatizo ni keki. Kila aliyepiga keki alikuwa nyuma yangu. Nilisimama katikati ya ukumbi mzima na kamera yangu, napiga kisu, na kwenye simu za watu wote kuna mgongo mweusi na bega la Neema limechungulia pembeni. Nimejaribu kukata pembeni, kusogeza, kutia giza. Haiwezekani. Baba Furaha katazama, kakuna kidevu.

"Weye ulisimama mbele ya kila mutu," akasema. Si kwa ubaya. Tumeiacha ilivyo.

Jumatatu, 3 Novemba

Video mpya imetoka na urefu wa saa tatu na dakika arobaini. Sioni haya kuandika urefu huo. Nimemtumia Asteria asubuhi, kabla ya darasa, na nimemwomba amwambie Mama kwamba sehemu iliyobaki imefika, mtandao umetengemaa.

Kisha darasani. Zoezi la wiki hii: familia mezani. Kumi na watano wima. Nimewafokea wote kama kawaida. Wa chipsi alipiga bibi yake akila wali, dakika mbili, uso mzima, hakukata. Makosa ya mwanga, makosa ya sauti, na bibi nyuma yake kuna friji inanguruma. Nimempa alama za juu kuliko wote na sikueleza.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo wanatazama. Asteria kasema Mama amewaita upya, wale wale, na Mama Sekunda amemfuata yeye mwenyewe hadi mlangoni kwake. Viti vimeazimwa tena.

Sijatoka. Nimefua, nimekunja, nimefua vilivyokuwa safi. Nimeiweka simu juu ya friji ili nisiishike, nimeishika. Kama huu mgongo wangu utawaharibia na keki, basi. Siwezi kufanya lolote tena. Mti wa ng'ambo ya dirisha hauna jani hata moja na sijaona ulipopukutika.

Hakuna ujumbe mpaka jioni. Nimelala mapema kwa hasira.

Jumapili, 9 Novemba

Mama kapiga yeye. Asubuhi, nikiwa bado kitandani. Kelele zile zile.

Hakusalimia wala kunisamehe, alianza tu kutaja watu. Baba wa bwana harusi ana kichwa cha mtu wa heshima. Yule mzee aliyepunga mkono muda mrefu, miguu inamsumbua, anywe maziwa. Mama mkwe wa Neema ni mnene wa kupendeza na anacheka na macho. Dada wa bibi anafanana na marehemu shangazi yetu. Mama Sekunda aliwahesabu upande wa mume, akafika arobaini na kitu akapoteza hesabu, akaanza tena, Mama akamwambia aache kuchosha watu. Walikaa mpaka mwisho. Walikula mara mbili. Moyo ule mmoja hakuutaja. Nilisubiri autaje.

Nikamwambia, nashukuru Mama kama mmeona watu.

Kisha akasema pale kwenye keki, yule mwenye nguo nyeusi peke yake, aliyewapa watu mgongo.

Nikasema ni mimi, Mama, samahani, nimewaziba, hakukuwa na picha nyingine.

"Najua ni wewe. Nimekuzaa mimi." Halafu: "Umekonda."

Miaka tisa sijaenda nyumbani. Kazi, karatasi, muhula, kila mwaka na sababu yake.

Kasema Asteria ameisimamisha picha hapo hapo kwenye mgongo wangu tangu jana jioni, watu walipoondoka, na yeye Mama kalala sebuleni akiitazama. Nikamwambia aizime televisheni, atamaliza umeme. Akasema umeme kanunua yeye.